Vali Hupimwa kwa Kazi, Haipimwi kwa Bomba

Swali ambalo wasimamizi wa visima, wakuu wa shule zenye matangi yao, wenye viwanda vidogo vya sabuni na maziwa, na hata baadhi ya mafundi bomba wenyewe, hawaachi kuliuliza kila inapokuja haja ya kununua vali ya kudhibiti maji, ni hili: maadamu bomba letu lina upana wa inchi 6, kwa nini muuzaji anataka kutupa vali ya inchi 3, ilhali vali ya inchi 6 ingelikaa mahali pake bila ya kulipunguza bomba, tena ingelipitisha maji mengi zaidi, na ziada, kama wasemavyo wengi, haidhuru? Swali hili ni la haki, kwa sababu anayeuliza ndiye atakayelipa. Na jawabu lake lastahili sura nzima, kwa kuwa ndani yake mna sehemu kubwa ya elimu ya kuyatawala maji yaendayo.

Jawabu, kwa ufupi, ni kwamba bomba na vali havikutengenezwa kwa kazi moja, na kila chombo hupimwa kwa kazi yake. Bomba jema ni lile lipitishalo maji bila ya kuyapunguzia nguvu. Vali njema ya kudhibiti ni ile iipunguzayo nguvu hiyo kwa kadiri iliyoamriwa, kila saa, mchana na usiku. Msomaji akilishika neno hili, hesabu zote zitakazofuata zitamjia kwa wepesi, wala hahitaji kuwa mhandisi. Kujua kugawanya na kutafuta kipeuo kwamtosha.

Kufunga si kutawala

Kuna vali ambayo kazi yake ni kufungua na kufunga tu, mathalani geti vali iliyo karibu na mita ya maji nyumbani, ambayo fundi huifunga yote anapotaka kutengeneza bilula iliyoharibika, kisha akaifungua yote na kuiacha hivyo miezi na miezi. Vali ya namna hiyo yafaa iwe na upana wa bomba, kwa sababu ikiwa wazi yatakiwa isiyazuie maji hata kidogo.

Vali ya kudhibiti ni nyingine kabisa. Aghalabu haikai wazi yote wala haikai imefungwa yote, bali hukaa baina ya hali hizi mbili, ikisogezwa kidogo kidogo na mtambo wa umeme, wa hewa, au wa nguvu ya maji yenyewe, kwa amri ya kipimo fulani: kimo cha maji tangini, joto la maziwa kiwandani, au presha ya mtaa. Presha ni nguvu ya msukumo wa maji juu ya kila sehemu ya eneo, nayo hupimwa kwa kipimo kiitwacho baa; baa 1 ni karibu sawa na msukumo wa hewa inayotuzunguka tukiwa ufukoni, na pia ni karibu sawa na msukumo wa maji yaliyosimama kwa kimo cha mita 10.

Tazama maji ya Mombasa, ambayo sehemu yake hutoka katika chemchemi za Mzima, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, yakashuka mpaka pwani katika bomba la urefu wa takribani kilomita 220 lililojengwa katika miaka ya 1950. Chemchemi zile ziko juu ya usawa wa bahari kwa mamia ya mita, na maji hushuka kwa uzito wake yenyewe. Kwa kuwa kila mita 10 za kushuka huzaa baa 1, ni dhahiri kwamba katika bomba lolote la namna hii nguvu ikusanyikayo ni nyingi kuliko iwezayo kuvumiliwa na mabomba na bilula za nyumbani. Sehemu ya nguvu hiyo huliwa na msuguano wa maji na kuta za bomba. Iliyobaki haina budi kuliwa na kitu kingine, na katika mitandao ya maji ulimwenguni kote kitu hicho aghalabu ni vali. Kula nguvu ya maji kwa kipimo, basi, ndiyo kazi ambayo vali ya kudhibiti imeajiriwa kuifanya.

Presha mara nne, maji mara mbili

Mwaka 1644 mtaalamu wa Kitaliani, Evangelista Torricelli, alitangaza kanuni ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa hesabu zetu: kasi ya maji yatokayo katika tundu la chombo haiendi sawa na kimo cha maji yaliyo juu ya tundu, bali huenda na kipeuo cha pili cha kimo hicho. Kipeuo cha pili cha namba ni ile namba ambayo ikizidishwa kwa nafsi yake huileta namba ya kwanza. Hivyo kipeuo cha 16 ni 4, na kipeuo cha 4 ni 2.

Maana yake nyumbani ni hii. Ikiwa tangi lako liko mita 5 juu ya bilula, nawe wataka bilula ile ile ikupe maji mara mbili, kuliinua tangi hadi mita 10 hakutoshi. Huna budi kuliinua hadi mita 20. Presha ikizidi mara nne, maji huzidi mara mbili tu. Na kinyume chake ni kweli, kwamba anayetaka kupitisha maji mara mbili katika vali ile ile atailipa kwa presha mara nne.

Namba moja ya uwezo

Kwa muda mrefu vali ziliuzwa kwa upana wake, na mnunuzi akabaki kukisia; walakini inchi hazisemi vali hupitisha kiasi gani, kwani vali mbili zenye midomo ya upana mmoja zaweza kuachana mno kwa namna njia ya ndani ilivyopindapinda. Mwaka 1944 kampuni ya Masoneilan ya Marekani ilileta namba moja ya kulinganishia vali zote, nayo ikaitwa Cv. Na katika nchi zitumiazo mita pakatumika ndugu yake, Kv.

Kv ni idadi ya mita za ujazo za maji zipitazo katika vali kwa saa moja, pindi presha inapopungua baa 1 baina ya mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Mita ya ujazo ni lita 1,000. Cv nayo huhesabiwa kwa galoni za Kimarekani kwa dakika, na presha kwa paundi 1 juu ya inchi mraba. Kv ya 1 ni sawa na Cv ya takribani 1.16, kwa hiyo anayesoma orodha ya muuzaji na ajue kwanza asoma ipi.

Hesabu ya kuipata Kv ihitajiwayo ni nyepesi: chukua mita za ujazo kwa saa, ugawanye kwa kipeuo cha pili cha presha itakayoliwa na vali. Ukitaka mita za ujazo 30 kwa saa, na vali imeachiwa baa 4, kipeuo chake ni 2, basi Kv ni 15. Kwa kioevu kilicho chepesi au kizito kuliko maji, jawabu huzidishwa kwa kipeuo cha uzito wake ukilinganishwa na wa maji. Mafuta ya taa, ambayo uzito wake ni kama 0.8 ya maji, hupunguza Kv kwa karibu sehemu moja ya kumi.

Muhtasari mpaka hapa:

- Vali ya kudhibiti huajiriwa ili ile presha kwa kipimo.
- Maji hufuata kipeuo cha pili cha presha.
- Uwezo wa vali husemwa kwa Kv au Cv, si kwa inchi.

Tuhesabu pamoja

Na tuchukue mfano wa mji mdogo unaopata maji kutoka katika bwawa la kilimani. Uso wa maji ya bwawa uko juu kwa mita 40 kuliko mdomo wa tangi la mji, na tangi lenyewe limesimama juu ya nguzo za mita 10. Bomba ni la inchi 6, na urefu wake wazidi kilomita 2. Kimo cha mita 40 chatupa takribani baa 4 za kutumia. Mji wahitaji mita za ujazo 60 kwa saa katika hali ya kawaida, 80 wakati wa mahitaji makubwa, na 20 usiku wa manane.

Hapa wengi hukosea kwa kudhani kwamba vali itapata baa 4 zote nyakati zote. La hasha, bomba nalo hula sehemu yake, na kadiri maji yanavyozidi ndivyo linavyokula zaidi, kwa kanuni ile ile ya mara mbili kwa mara nne. Tuseme kwamba kwa mita za ujazo 80 bomba hula baa 2.4. Zinazobaki kwa vali ni hizi:

- Mahitaji makubwa, 80 kwa saa: bomba lala baa 2.4, vali yabakiwa na 1.6, na Kv ihitajiwayo ni 63.
- Kawaida, 60 kwa saa: bomba lala baa 1.35, vali yabakiwa na 2.65, na Kv ni 37.
- Usiku, 20 kwa saa: bomba lala baa 0.15, vali yabakiwa na 3.85, na Kv ni 10.

Angalia jambo lililojificha humu. Maji ya mahitaji makubwa ni mara nne ya maji ya usiku, lakini Kv ya mahitaji makubwa ni zaidi ya mara sita ya Kv ya usiku, kwa kuwa vali huachiwa presha kidogo pale pale inapotakiwa ipitishe maji mengi. Ndiyo sababu asiyehesabu hali zote tatu, akatosheka na moja, hununua vali iwezayo kazi ya saa moja na isiyoweza kazi ya siku nzima.

Wahandisi wengi hutaka kwamba, maji yakiwa katika kiwango cha juu, vali iachiwe walau robo hadi thuluthi ya presha yote. Hapa imeachiwa 1.6 katika 4, yaani asilimia 40, basi ina mamlaka ya kutosha. Laiti ingeliachiwa baa 0.2 tu, kuifungua na kuifunga hadi nusu kusingelibadili kitu, kwa kuwa mtawala wa kweli angelikuwa bomba.

Mwendo wa kizibo

Kabla ya kuchagua, yatupasa kujua vali hufunguka kwa tabia gani. Ndani ya vali ya kawaida ya kudhibiti mna kizibo kinachopanda na kushuka juu ya kikalio, yaani duara la chuma ambalo maji hupita katikati yake. Kizibo chaweza kuchongwa ili uwezo uzidi sawa kwa sawa na mwendo, nusu ya mwendo ikaleta nusu ya uwezo. Tabia hii huitwa ya mstari. Au chaweza kuchongwa ili kila hatua ya mwendo iuzidishe uwezo kwa kadiri moja. Hii huitwa tabia ya asilimia sawa. Katika vali nyingi za namna hii, kila sehemu ya kumi ya mwendo huuzidisha uwezo kwa karibu mara moja na nusu. Vali ya asilimia sawa hufunguka taratibu mwanzo, kisha kwa upesi mwishoni, na hivyo huifidia ile presha inayopunguka maji yanapozidi. Kwa mfano wetu, ambapo presha ya vali yashuka kutoka 3.85 hadi 1.6, hii ndiyo ifaayo; ya mstari yafaa pale presha ya vali isipobadilika sana.

Sasa tulinganishe vali mbili za asilimia sawa. Ya kwanza ni ya inchi 3, Kv yake ikiwa wazi yote ni 100. Ya pili ni ya inchi 6, sawa na bomba, Kv yake ni 400. Mwendo wa kizibo katika hali zetu tatu utakuwa hivi:

- Vali ya inchi 3: asilimia 88 kwa mahitaji makubwa, 75 kwa kawaida, 42 usiku.
- Vali ya inchi 6: asilimia 53 kwa mahitaji makubwa, 39 kwa kawaida, 6 usiku.

Hapa ndipo jawabu la swali letu linapodhihiri. Vali ya inchi 6 haitafunguka ila kupita nusu kidogo tu maisha yake yote, kwa hiyo karibu nusu ya fedha zilizolipwa zimenunua mwendo usiotumika. Fauka ya hayo, usiku kizibo chake kitaning'inia karibu na kikalio, na maji yatapenya kwa kasi kubwa katika mwanya mwembamba, yakikila chuma hadi vali isiweze tena kufunga sawasawa. Aidha kila mtambo wa kusogeza vali una kosa lake dogo la kukwama na kuruka. Kosa hilo likiwa asilimia 2 ya mwendo, kwa vali iliyofunguka asilimia 75 ni jambo la kuvumilika, bali kwa vali iliyofunguka asilimia 6 ni kosa la thuluthi ya ufunguzi wote. Vali itazidisha, kisha itapunguza, kisha itazidisha tena, usiku kucha, na maji tangini hayatatulia. Kutumia vali ya inchi 6 kwa kazi hii ni kama kupimia zafarani kwa mizani ya magunia ya mbata: mizani ni nzima, lakini kile kilichotiwa humo hakiwezi kuitingisha kwa insafu.

Kosa la kinyume, la kununua ndogo mno, lipo pia, nalo hujulikana upesi kwa kuwa watu hukosa maji wakalalamika. La vali kubwa mno huishi miaka bila ya kutajwa, likilipwa kwa vikalio vilivyoharibika na mabomba yaliyopasuka, na lawama ikatupiwa mtengenezaji.

Viputo vinavyokula chuma

Hesabu ya Kv imesema vali iwe kubwa kiasi gani. Haijasema kama itaishi. Daniel Bernoulli, katika kitabu alichokitoa mwaka 1738, alieleza kwamba maji yakiongeza kasi, presha yake hushuka. Ndani ya vali, mahali pembamba kuliko pote, kasi ni kubwa kuliko pote, na presha hushuka hata chini ya ile ya mlango wa kutokea, kisha hupanda tena maji yanapotulia.

Na maji hayahitaji moto ili yachemke. Yatosha presha ipungue. Juu ya kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895 kutoka baharini, hewa ni hafifu kiasi kwamba maji huchemka kwenye joto la takribani nyuzi 80. Ndani ya vali presha ikishuka mpaka karibu na utupu, maji ya nyuzi 30 tu hugeuka mvuke na kufanya viputo. Kisha, presha inapopanda, viputo hivyo huporomoka kwa ghafula, na kila kimoja kikiporomoka karibu na chuma hukipiga kwa nguvu kubwa. Lord Rayleigh wa Uingereza alizitolea hesabu nguvu hizo mwaka 1917, baada ya waundaji wa meli kushangazwa na rafadha zilizotobokatoboka. Mafundi huijua hali hii kwa mlio wa kukwaruza, hata wakadhani changarawe imeingia bombani.

Viputo vikizidi, huziba njia, na kuongeza tofauti ya presha hakuleti tena maji zaidi. Kikomo hicho hutegemea umbo la vali. Katika vali ya kizibo kipandacho na kushuka, ni takribani asilimia 81 ya presha kamili ya kuingilia. Presha kamili ni ile isomwayo kwenye geji ikiongezwa baa 1 ya hewa. Katika vali ya tufe, ambayo ndani yake ni tufe lenye tundu linalozungushwa, kikomo ni karibu asilimia 36 tu, kwa sababu njia yake iliyonyooka huiacha presha ishuke mno na kupanda tena.

Turudi kwenye mji wetu wakati wa usiku. Vali ikiwekwa juu, mdomoni mwa tangi, presha kamili ya kuingilia ni baa 4.85, na kikomo cha vali ya kizibo ni takribani 3.9, nasi twahitaji ile 3.85. Tumesimama ukingoni kabisa, na madhara ya viputo huanza kabla ya kikomo kufikiwa. Vali ya tufe ingelikuwa imevuka kikomo chake tangu mchana. Lakini tukiishusha vali ile ile chini, penye mguu wa nguzo, uzito wa mita 10 za maji yaliyo juu yake huongeza baa 1 pande zote mbili. Presha ya kuingilia huwa 5.85, kikomo hupanda hadi karibu 4.7, na hali huwa nafuu zaidi bila ya kununua kitu. Pale ambapo tadibiri hii haitoshi, huchaguliwa vali yenye kizibo na kikalio vya chuma kigumu, au ile inayoipunguza presha kwa hatua kadhaa badala ya moja.

Vioevu vizito

Hesabu zote hizi zimedhani kwamba kioevu chatiririka kwa wepesi. Molasi ya kiwanda cha sukari au mafuta ya nazi yaliyopoa yana mnato, yaani ukinzani wa ndani unaoyafanya yaende polepole, na Kv ihitajiwayo huzidi. Watengenezaji wana majedwali ya kuirekebisha hesabu. Mnunuzi na awaambie mnato kwa joto la chini kabisa ambalo kioevu kitafikia, kwa kuwa hapo ndipo kilipo kizito zaidi.

Mambo ya kumwambia muuzaji

Anayekwenda dukani akasema tu kwamba bomba lake ni la inchi 6 amemwachia muuzaji hukumu ambayo muuzaji hana elimu ya kuitoa. Na aende na karatasi yenye mambo haya:

1. Kiasi cha kioevu kwa saa: cha juu, cha kawaida, na cha chini.
2. Presha ya kuingilia na ya kutokea katika kila hali ya hizo tatu, msuguano wa bomba ukiwa umekwisha kutolewa.
3. Kioevu ni kipi, uzito wake, mnato wake, na joto lake la juu na la chini.
4. Upana wa bomba, ili muuzaji ajue punguzo la bomba litapoteza kiasi gani cha uwezo.

Kisha aulize: kizibo kitakuwa asilimia ngapi ya mwendo wake katika kila hali? Jawabu likiwa kwamba hali ya kawaida iko baina ya asilimia 60 na 80, ya juu haizidi 90, na ya chini haishuki chini ya 20, vali hiyo imechaguliwa kwa akili, iwe ni ndogo kuliko bomba au sawa nalo. Muuzaji asiyeweza kulijibu swali hilo hajapima kitu, na fedha za kamati ya maji, ambazo aghalabu zimechangwa na watu wasio na ziada, hazipaswi kutoka mpaka amelijibu.